Kloni si feki, watengenezaji wa laptopu watupe leseni

Mhariri,

Mimi ni fundi wa laptopu hapa katikati ya jiji la Nairobi, juu kwenye jengo moja karibu na Luthuli Avenue, na hii kazi nimeifanya miaka kumi na minne sasa. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikisoma habari za kompyuta naona neno kloni, yaani kifaa cha kampuni nyingine kinachofanya kazi kama kile cha kwanza, limewekwa kando ya neno feki kama mtu na pacha wake, ati hizi ni kloni, zikamatwe, zichomwe. Hiyo inaniuma kwa sababu ni uongo, na huo uongo unawagharimu wenye laptopu pesa kila siku, mimi ndio nawaona wakilipa.

Wacha nianze na Jumanne iliyopita. Asubuhi msichana wa chuo, mwaka wa tatu, alipanda ngazi zote hadi kwangu, laptopu ameikumbatia imefungwa na leso. Ni ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, mamake alimnunulia elfu ishirini na mbili baada ya kuuza mahindi. Chaja iliungua siku stima ilipotea halafu ikarudi kwa nguvu huko Kayole, akanunua nyingine barabarani kwa elfu moja mia mbili. Volti ni zilezile 19 na nusu, plagi inaingia vizuri, taa yake inawaka. Lakini mashine ikiwashwa inaandika kwa skrini kwamba hiyo chaja haijulikani, betri haijazi hata asilimia moja, na prosesa inajipunguza mwendo yenyewe mpaka kufungua faili moja ni kungoja. Akaniambia, "Fundi nisaidie, projekti yangu inatakikana Ijumaa na kila kitu kiko hapa ndani."

Nikamwambia mwanangu keti, hakuna kitu kimeharibika hapa. Na ni kweli hakuna kilichoharibika. Hiyo plagi ukiiangalia na lenzi ina kapini katikati, kembamba kama sindano, na hako kapini hakabebi moto, kanabeba maneno. Ndani ya chaja ya kampuni kuna kachipu ka miguu mitatu, kadogo kama punje ya ndengu, kazi yake ni kuambia laptopu mimi ni wa kwenu, mimi ni wati 65. Chaja ya barabarani haina hako kachipu kwa hivyo mashine inaikataa hata kama umeme ni uleule. Nilichofanya ni kuchukua ile chaja yake iliyoungua, nikaigonga kwa mshono polepole na nyundo hadi plastiki ikafunguka, nikatoa kachipu, bahati kalikua hakajakufa, nikakasolda ndani ya ile mpya na kawaya kamoja. Nikachomeka. Ikakubali hapo hapo, betri ikaanza kujaza. Alilipa mia tano akaenda.

Sasa mhariri fikiria hiyo kitu. Chaja jenuini ya hiyo modeli nimeitafuta mwaka huu wote hapa mjini sijaiona, na hiyo kampuni yenyewe, ambayo sitaitaja, haijampa mtengenezaji yeyote mdogo ninayemjua ruhusa ya kutengeneza chaja inayojitambulisha vizuri kwa mashine zake. Mtu akiiga hako kachipu bila ruhusa anaitwa mwizi, asipokaiga chaja yake haifanyi kazi. Katikati ya hapo ndio yule mtoto alikua amesimama na leso yake.

Feki ni kitu kimebandikwa jina la mwingine ili wewe mnunuzi udanganyike. Hiyo mimi naichukia kuliko mtu yeyote kwa sababu inarudi kwa meza yangu. Nimewahi kufungua betri mpya kabisa, imeandikwa jina kubwa juu, ndani nikapata seli zilizotumika zimepangwa tena na kufunikwa na plastiki mpya, moja ishaanza kufura. Sheria yetu ya bidhaa ghushi ya 2008 iliwekewa watu kama hao na iwashike. Kloni ni kitu tofauti. Kloni imetengenezwa na mtu mwingine, anaweka jina lake mwenyewe, anasimama nyuma ya kazi yake, ila inakubali softwea ileile na vifaa vilevile kama ile ya kwanza. Kama aliyeitengeneza amelipa leseni, ama ameitengeneza kwa akili yake bila kunakili, huyo amemuibia nani?

Angalia matatu. Chasisi na injini zinakuja kutoka Japani, zinaunganishwa hapa Mombasa Road na Isuzu kwa makubaliano ya karatasi, halafu bodi inajengwa na mafundi wetu, viti, madirisha, mataa. Hakuna mtu amewahi kuita matatu Isuzu feki. Jina la Isuzu liko mbele, la aliyejenga bodi liko kwa kibao chake, kila mtu amekula jasho lake. Ama enda Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan, uliza breki padi, utaulizwa unataka jenuini, unataka ex-Japan ama unataka ya kampuni nyingine, na hiyo ya kampuni nyingine iko na jina lake kwa boksi na bei yake, unachagua kulingana na mfuko wako. Kwa laptopu hiyo nafasi ya tatu ndio tumenyimwa. Tuko na jenuini ambayo haipatikani na feki ambayo iko kila kona.

Na watu wasifikiri kompyuta zimekua hivi tangu mwanzo. IBM walipotoa PC yao tarehe 12 Agosti 1981 waliiunda na vipande vya kununua, prosesa ya Intel 8088, mfumo wa DOS kutoka kwa Microsoft, na Microsoft wakabaki na haki ya kuuzia wengine hiyo DOS. Na IBM wakauza kitabu cha ufundi, ndani mna ramani ya saketi yote na BIOS, ile programu ya kuamsha mashine, imechapwa mstari kwa mstari. Nikiambia vijana ninaofundisha kazi kwamba kuna wakati kampuni kubwa namna hiyo iliuza ramani ya mashine yake kwa yeyote mwenye pesa ya kitabu hawaniamini. Leo mimi ramani ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, naipata vipi? Naitafuta kwa mitandao ya mafundi, imevuja kutoka kiwanda fulani Asia, imeandikwa siri kila ukurasa, na bila hiyo siwezi kufuata laini ya volti tatu imekatika wapi. Yaani kufanya kazi halali ya kurekebisha mali ya mtu inabidi nitumie karatasi iliyoibwa. Hiyo si haki kwangu na si haki kwa kampuni pia, hata yenyewe haipati kitu.

Turudi kwa IBM. Mwaka 1982 watu watatu walianzisha Compaq huko Houston, Texas, na Novemba hiyohiyo wakatangaza kompyuta ya kubebeka inayoendesha programu za IBM. Ilikua ukubwa wa cherehani, kilo 13 hivi, lakini ilikua na mpini na mtu aliweza kuibeba. Kunakili BIOS ya IBM ilikua hatia kwa hivyo walifanya kazi kwa makundi mawili, kundi la kwanza likasoma ya IBM na kuandika inafanya nini, kundi la pili ambalo halijawahi kuiona hata siku moja likaandika mpya kutoka mwanzo. Mwaka wa kwanza wakauza mashine 53,000, zikawaletea dola milioni 111. Hiyo ndio kloni. Walikuwa na jina lao, kazi yao, na korti haikuwafunga. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix wakaanza kuuza BIOS yao kwa leseni kwa mtengenezaji yeyote, na hapo mlango ukafunguka kabisa, ndio maana desktopu leo unaweza kuijenga mwenyewe na vipande vya kampuni sita tofauti na ikawaka.

Walionakili tu bila jasho walianguka na ilikua sawa waanguke. Kampuni ya Franklin waliiga programu za kompyuta ya Apple II zilivyo, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa huko Marekani ikasema programu iliyo ndani ya chipu ina hakimiliki kama kitabu. Kampuni ya Psystar wa Florida walianza kuuza kompyuta zao zikiwa na mfumo wa Mac, kompyuta za Apple, mwaka 2008 bila ruhusa, kufika mwisho wa 2009 korti ikawapiga marufuku. Mimi sitetei hao. Nasema ukitaka watu wasinakili, uza leseni.

Kuna hadithi moja ya laptopu ambayo naipenda sana, huwa nawasimulia hao vijana tukingoja solda ipate moto. Mwaka 1989 kampuni moja ndogo ya Boulder, Colorado, inaitwa Outbound, ilitengeneza laptopu inayoendesha programu za Macintosh, yaani Mac. Mwaka huohuo Apple walitoa ya kwao ya kubebeka, kilo saba na zaidi, dola 6,500, mtu angeibeba hadi begani pakauma. Outbound hawakuwa na leseni ya chipu ya ROM ya Apple, ile iliyobeba programu za msingi, na bila hiyo mashine haiwezi kuwa Mac. Basi wakafanya nini, mnunuzi alitakiwa awe na Mac yake tayari, aing'oe ROM kutoka kwa hiyo Mac aliyolipia, aichomeke ndani ya laptopu ya Outbound. Kila nikifungua chaja iliyokufa kutafuta kale kachipu nawafikiria hao watu. Ni miaka zaidi ya thelathini, ni Nairobi si Colorado, na bado tunang'oa chipu kutoka kwa maiti ndio mashine nzima ikubali kuishi, na sababu ni ileile, mwenye ufunguo amekataa kuchonga mwingine hata ukimlipa.

Najua kuna mtu atasema Apple walijaribu leseni na ikawaua. Wacha tuiangalie vizuri kwa sababu hii ndio hoja kubwa ya wenye kampuni. Mwaka 1995 Apple waliruhusu wengine watengeneze Mac, Power Computing, baadaye UMAX, Motorola na wengine, wakilipa ada kwa kila mashine. Matumaini yalikua kwamba kloni zitaenda kwa watu ambao hawakuwa na Mac ziongeze soko. Badala yake Power Computing na wenzake wakatengeneza mashine za kasi kabisa kwa bei ya chini na wakawauzia walewale wachapishaji na wachoraji waliokuwa wananunua zile Mac za bei ghali za Apple, zile zenye faida. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliporudi 1997 aliwafungia. Mfumo uliofuata waliuita Mac OS 8, na leseni za kloni zilikua za toleo la saba, na hao Power Computing Apple wakanunua sehemu yao ya Mac kwa hisa za dola milioni 100 ikaisha.

Mimi nasoma hapo kosa la mkataba. Uliwaruhusu wenye leseni waingie sebuleni kwako wakuuzie wageni wako. Na kloni zilizouzwa zilikua za mezani, laptopu zikabaki ni za Apple peke yake na hizo hazikuwaokoa. Ukimpa mtu leseni ya kuuza mahali ambapo wewe huuzi, hapo umepoteza nini? Hizi kampuni kubwa hazileti Nairobi laptopu mpya nzuri ya elfu thelathini. Hawa wanafunzi wangu wa Kayole na Githurai si wateja wao, ni wateja wa kontena za ex-UK, na kwa hiyo laptopu ya mitumba kampuni haipati hata senti tano. Leseni ingewapa pesa kutoka kwa watu ambao saa hii hawawapi kitu.

Na IBM nao wana funzo lao. Walikaa wakaangalia kloni zikijaa, halafu Aprili 1987 wakaleta kompyuta za PS/2 na njia mpya ya ndani ya kuunganisha kadi, wakataka kila anayeiga alipe ada nzito. Watu walikua washazoea uwanja wazi. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikaungana zikatengeneza njia yao wenyewe, na hiyo ya IBM ikafa polepole. Mwaka 2005 IBM wakauzia Lenovo biashara yote ya PC. IBM wangewapa wenzao bei ya haki mapema pengine hadithi ingekua nyingine, hivyo ndivyo mimi naona.

Kuna kampuni Uingereza, ARM, tangu 1990 imeishi kwa kuuza leseni za michoro ya prosesa, na karibu kila simu iliyo mfukoni mwa msomaji wa gazeti hili inaendeshwa na mchoro wao ilhali imetengenezwa na mtu mwingine. Kwa hivyo tusiambiwe leseni ni umaskini.

Sasa tatizo la laptopu ni kwamba yale mambo ya desktopu hayakuwahi kufika huku. Mazabodi ya desktopu tangu Intel walipotoa kipimo cha ATX mwaka 1995 tundu za skrubu ziko mahali pamoja, pawasaplai inaingia yoyote. Laptopu kila modeli ina mazabodi ya umbo lake, plagi ya betri yake, waya wa skrini wake, kiibodi yake, hata laptopu mbili za kampuni moja mwaka mmoja mara nyingi hazibadilishani betri. Nimewahi kuweka kadi ya waifai nzima kabisa kwa laptopu moja, ikakataa kuwaka ikasema hiyo kadi haijaruhusiwa, na kadi yenyewe ilikua ni ya kiwanda kilekile, imetoka tu kwa modeli nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 Intel walijaribu kuleta vipimo vya pamoja vya laptopu, betri, skrini, kiibodi, adapta, lakini haikushika. Wenye majina makubwa hawakuona haja.

Na mtu asifikiri hayo majina makubwa ndio yanashika solda. Laptopu nyingi zinaundwa na Quanta, Compal, Wistron na wenzao wa Taiwan, viwanda vingi vikiwa China, halafu zinabandikwa jina. Clevo hata inauza laptopu haina jina kabisa, muuzaji anaweka lake. Kwa hivyo kutengenezewa na mwingine ni kawaida yao, kinachokataliwa ni sisi kuwa huyo mwingine.

Hili jambo limekua la haraka zaidi kwa sababu ya Windows 10. Msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hivyo laptopu nyingi sana za ofisi za Ulaya zinatupwa na zinakuja huku kwa kontena. Skrini nzuri, kasha la chuma, kiibodi safi, kinachokosa ni mazabodi tu. Kama kungekuwa na leseni, mtu hapa ama Shenzhen huko China angetengeneza mazabodi mpya inayoingia kwa hilo kasha, tundu za skrubu zilezile, na hiyo mashine ingeishi miaka mingine sita. Hii si ndoto. Framework wa Marekani wameuza laptopu tangu 2021 ambayo unanunua mazabodi mpya peke yake unabadilisha mwenyewe na bisibisi moja, na michoro ya sehemu zake kadhaa wameiweka wazi. Bei yao bado iko juu kwetu, lakini wamefunga mdomo wa wale waliosema haiwezekani.

Kwa hivyo naomba nini. Naomba kampuni zinazouza laptopu Kenya zikubali kuuza leseni ya vitu ambavyo zenyewe haziko tayari kuleta: umbo la mazabodi, plagi ya betri, ile lugha ya chaja, na BIOS. Tulipe kwa kila kipande, hata kama ni shilingi elfu mbili kwa kila mazabodi tutalipa, na kipande kiwe na jina la aliyekitengeneza na waranti yake, KEBS, shirika letu la viwango, wakipime kama wanavyopima vitu vingine. Ramani ya saketi iuzwe kama IBM walivyouza. Modeli ikishaacha kutengenezwa, leseni yake iwe rahisi zaidi, kwani hapo unalinda biashara gani? Na mkataba useme wazi ni soko lipi, makosa ya 1995 yasirudiwe.

Najua ukiomba tu hutapewa. Umoja wa Ulaya haukuishia kuomba, uliweka sheria ya chaja moja ya USB-C, simu zikafuata kuanzia 28 Desemba 2024 na laptopu zikawekewa 28 Aprili 2026. Sisi hatuna soko kubwa kama hilo lakini tuko na serikali inayonunua. Zile ahadi za laptopu za darasa la kwanza za 2013 zilipokuja kutimizwa 2016 zilikua tabuleti, zaidi ya milioni moja zikaenda mashuleni, zikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret pamoja na kampuni ya JP Sá Couto wa Ureno, na chuo kikuu cha JKUAT cha Juja pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Hao Wareno wenyewe walianza na mchoro wa Intel, ile laptopu ya wanafunzi ya Classmate, Intel iliwaruhusu wakaitengeneza kwao wakaiita Magalhães mwaka 2008, watoto wa Ureno wakasomea nayo. Yaani leseni ya laptopu ya kuigwa imeshapita hapa kwetu, imefika mpaka Eldoret na Juja. Kitu ningeuliza kwa tenda ijayo ni kimoja, mwenye mchoro atuachie na haki ya kutengeneza mazabodi na betri zake baada ya mkataba kuisha, iandikwe kwa karatasi kabla ya pesa kutoka. Kukaza skrubu tunajua. Tunataka ruhusa ya kutengeneza kilicho chini ya skrubu.

Vijana wako. Pale kwangu kuna mmoja wa miaka ishirini na mbili hajamaliza hata diploma, anatoa chipu ya BIOS ya miguu minane na blowa, anaisoma na programa, kifaa cha kusoma chipu, cha mia nane, anasafisha data, anairudisha, mashine iliyokuwa imekufa inawaka. Mikono yake haitetemeki. Huyo akipewa ramani halali na leseni hatakaa chini ya mtu. Saa hii anachojifunza kwangu ni jinsi ya kukwepa kufuli zilizowekwa na watu ambao hawatamuuzia ufunguo, na mimi kama mwalimu wake hiyo inaniuma sana.

Chini ya meza yangu kuna katoni ya chaja zilizokufa, siitupi hata moja. Nilizihesabu jana usiku kabla ya kufunga, zilizobaki na kachipu kazima ni kumi na mbili. Jumanne hiyohiyo baada ya yule msichana kuondoka walikuja wengine wawili na tatizo lilelile, kwa hivyo nikiendelea hivi hazitakaa muda zitaisha. Kama kuna ofisi ya kampuni yoyote ya laptopu hapa Nairobi inasoma barua hii, nipeni bei ya hako kachipu, mniandikie na risiti. Nitalipa.

Fundi wa laptopu,
Luthuli Avenue, Nairobi